Daftari Nililopimia Lobule

Shangazi yangu Ezaru,

Duku alifika kwangu hapa Onduparaka juzi, vumbi la njia ya Koboko likiwa bado kwenye nyusi zake. Mtoto wa mume wako naye amezeeka, ungemwona ungecheka, amekuwa na kitambi na fimbo. Hakukaa hata dakika tano akatoa lililomleta. Ukoo wote wa Lobule umekubaliana kulijenga kaburi lako kwa saruji kabla ya mvua kuanza, na siku hiyo watu watakula na kusali, halafu mmoja atasimama aseme habari zako. "Wewe ndiye utasema," akaniambia. "Wewe ndiye ulikuwa naye ile siku alikataa kuondoka."

Nikajibu, "Haya." Neno moja tu, haya, kama mtu aliyeagizwa akanunue kiberiti. Usiku huohuo nikachukua kalamu.

Maana tupo wawili tu tunaojua habari ya siku ile, mimi na wewe, na wewe uko chini ya udongo. Watu wote wa Lobule wanaamini kwamba ulikataa kuondoka. Miaka yote hii wamenisifu kwa hilo: kijana mtiifu, shangazi yake alimwambia aende akaenda, huku akilia. Nimekula nyama ya arusi zao nikiwa na sifa hiyo. Nimekaa kwenye viti vya mbele. Sasa wanataka niisimamie juu ya kaburi lako na kuisema kwa mdomo wangu, kisha waipigie saruji isitoke tena.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichosemeshana mimi na wewe. Mama yangu alitoka ng'ambo, upande wa Kongo, akanilea kwa Kiswahili cha sokoni. Wewe ulikipata kambini ulipokuwa ukimfuata mume wako sajini kutoka kambi moja hadi nyingine. Mimi changu nilikwenda kukinyoosha kwa vitabu, chako kikabaki jinsi ulivyokitoa kambini, nami nilikuwa na ufidhuli wa kukucheka. Hukusoma hata siku moja, kwa hiyo barua hii itabidi isomwe kwa sauti na watu wasikie. Ndiyo maana sikuitia kwenye bahasha.

Unakumbuka nilivyokuja mara ya kwanza na daftari? Serikali ilikuwa imewafukuza Wahindi wenye maduka, na pale Arua rafu zimebaki na panya. Sabuni tulikuwa tukiikata kwa uzi, kipande kimoja mara nne. Sukari ilikuwa habari ya kusimuliwa. Na chumvi, loo, chumvi! Mtu akisikia imefika mahali anaacha hata msiba. Mimi nilikuwa bwana shamba, kazi yangu kuzunguka kwa baiskeli kuwaambia wakulima wapande kwa mistari, na kila nilipokwenda niliona mambo yanaharibika. Nikajiambia hii nchi itakuja kuwaka moto, na siku hiyo anayetegemea duka atakufa wa kwanza. Nikaamua kutafuta mahali ambapo mtu na mke wake na watoto wake wanaweza kuishi bila duka, bila mshahara, bila kumwomba jirani hata kaa la moto.

Nilifanya kwa utaratibu, kama nilivyofundishwa. Nilichora jedwali kwenye daftari: maji, udongo, kuni, mvua, njia, usalama. Kila mahali nilipapa alama kati ya kumi. Karibu na Arua udongo umechoka na watu wamebanana. Oraba nikaikata mara moja, iko mlangoni mwa Sudan, malori yanalala pale, na palipo na malori pana askari. Nikazunguka Koboko yote karibu mwezi mzima, jioni nalala kwa huyu na yule, mpaka nikafika Lobule kwako.

Ukanikuta nimechuchumaa kando ya kijito nikifinyanga udongo kati ya vidole.

"Wewe napima nini, Bwana Daftari?"

"Udongo, Shangazi."

"Udongo hapana kimbia. Kuja kula kwanza."

Ulinipa kisamvu kilichotiwa ufuta, na ndani yake chumvi uliyoitengeneza mwenyewe. Ulichoma majani makavu, ukatia majivu kwenye chungu kilichotobolewa chini, ukamwagia maji, yakachuruzika polepole kama chozi, kisha ukayachemsha. Nilionja nikakunja uso. Nikakuambia hii si chumvi, ni majivu. Ukacheka mpaka ukashika ubavu. "Iko chumvi ya masikini," ukasema. "Lakini hapana iko na laini ya kupanga dukani."

Siku ya tatu ukanipa jembe. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, wewe ulilishika hilo bila mzaha. Jioni, mikono imenitoka malengelenge, ukaniambia nikusomee hicho kitabu changu. Nikakusomea kwa sauti ya kiongozi wa mkutano: Lobule, maji nane, udongo tisa, kuni tisa, mvua nane, njia tano, lakini hiyo ni nzuri kwa sababu gari la askari haliwezi kufika kwa urahisi. Ulisikiliza hadi mwisho ukitafuna kijiti.

"Na watu?" ukauliza. "Watu iko wapi ndani ya hiyo kitabu?"

Nikakujibu kwamba watu hawapimwi.

Hapa ndipo aibu yangu inapoanzia, Shangazi, wala si kule kwenye vita. Kwa sababu niliwapima. Chini ya jedwali niliandika neno Upungufu, na mstari wa kwanza ukasema: majirani wengi, huomba. Mstari wa pili ukasema: Shangazi, umri mkubwa, atahitaji kubebwa. Niliandika hivyo kwa mkono huu wakati kisamvu chako kikiwa bado tumboni mwangu. Nilipofika kwenye mistari ile nikafunga daftari, nikasema basi, yamekwisha. Nawe ukasema, "Kitabu muzuri." Daftari lile ninalo mpaka leo na mistari ile ingali inasomeka.

Kwetu shangazi ni baba. Hilo sikufundishwa shuleni, nilinyonya nalo. Baba yangu alipokufa mimi nikiwa wa kupanda mgongoni, wewe ndiwe uliyekuja Arua kwa miguu, ukakaa na mama yangu miezi mitatu, ukanibeba kila siku kwenda mtoni na kurudi. Mama alikuwa akinisimulia kwamba nilikataa mgongo wa mtu mwingine yeyote. Halafu mtu huyo ndiye nikamwandika chini ya upungufu.

Ulinitafutia ardhi. Ulikwenda kwa wazee wa mume wako ukawaambia mtoto wa kaka yako anataka kulima, nao hawakutaka kitu ila jembe moja jipya na kuku mweupe. Siku ya kupanda ukaja wewe mwenyewe kutupa konzi ya kwanza ya mtama, kama ilivyo desturi yao: aliyekuombea ardhi ndiye anayefungua shamba. Kisha ukanieleza habari ya kibuyu. Kila nyumba ikishavuna hutoa kiasi cha mbegu, huletwa kwako, zinachanganywa ndani ya kibuyu kikubwa na kutundikwa juu ya moshi wa jiko. Mwaka ambao shamba la mtu limekufa, anachota mle, haulizwi maswali.

Na mimi, bwana shamba mzima, nikakataa. Mbele ya Keji, jirani yako, na wanawake wengine waliokuja na vikapu vyao. Nikawaambia mbegu hazichanganywi. Nikawaambia hicho kibuyu ni takataka, mbegu bora hukaa peke yake ndani ya kopo lililofungwa, na mtu mwenye akili hutunza zake. Keji akanitazama, akakutazama wewe. Ukasema tu, "Yeye amesoma," ukaendelea kutia mbegu za wenzangu. Hukunigombeza. Ungenigombeza, Shangazi! Ungenipiga hata na mwiko, maana haki hiyo ulikuwa nayo.

Na habari ya muhogo ndiyo hiyohiyo. Wewe na watu wa Lobule mlipanda muhogo mchungu, ule wa kulowekwa siku tatu, nne, ndipo uanikwe. Mimi nikapanda ule mtamu wa kuchemsha na kula, kwa sababu kitabu kilisema una faida zaidi. Ulinionya mara moja tu. "Hii yako kila mutu anakula," ukasema. Nikadhani unausifu.

Mke wangu Janeti alikupenda kuliko alivyonipenda mimi, na hakuficha. Nilipomhamisha kutoka Arua alilia njia nzima, lakini baada ya mvua mbili alikuwa anajua kuloweka, kukamua ufuta, na kuchuja chumvi ya majivu kama mtoto aliyezaliwa pale. Mimi nikajenga nyumba yangu mbali na njia, nyuma ya kichaka, nikapanda miba kuzunguka ua ili mpita njia asione moshi wetu. Ndani ya chumba cha kulala nikachimba shimo, nikawa naweka akiba. Sabuni, viberiti, mafuta ya taa, majembe mawili. Na chumvi. Kila nilipokwenda Koboko au Arua nilirudi na kidogo, mpaka nikawa na nusu gunia, ya dukani, nyeupe. Usiku sikulala bila kuligusa kwa mguu. Nilikuwa nimejitayarisha, nikajiona mjanja kuliko wote waliozaliwa West Nile.

Halafu Keji akajifungua. Mtoto wa mwisho yule, wa kike. Ukaja kwangu mchana, jua kali, ukanambia Keji ametoka damu nyingi, hana hamu ya chakula, majivu yanamtapisha. Ukaomba chumvi ya dukani, kiganja kimoja tu, umtilie kwenye mchuzi.

Nikakuambia imekwisha.

Ukasema, "Haya." Ukaketi upumzike, na Janeti, maskini, hakujua tulichozungumza, akakuletea sahani ya maharagwe. Ukala yote. Ulipomaliza ukafuta kidole kwenye sahani, ukakilamba, ukaniangalia. "Mboga ya Janeti iko na chumvi muzuri," ukasema, ukachukua fimbo yako ukaondoka.

Janeti aliniuliza baadaye. Nilipomweleza akaweka mikono kichwani. "Mungu wangu! Chumvi iko chini ya kitanda unamwambia Shangazi hakuna?" Siku tatu hakunisemesha. Alichota kiganja akampelekea Keji mwenyewe, nami nikajifanya sikuona kwa sababu nilitaka kuendelea kuwa mtu mwema bila gharama.

Mvua iliyofuata ukateleza kijitoni, nyonga ikapata kilema. Tangu siku ile hukutembea tena vizuri, ulikwenda hatua kumi unasimama. Nilikuja kukuona. Nilileta hata ndizi. Lakini nikiwa nimekaa pale penye kitanda chako nilikumbuka mstari ule wa daftari, atahitaji kubebwa, na Mungu anisamehe, nilihisi kama mtu aliyebashiri jambo likawa.

Sasa niseme ya siku yenyewe, maana nazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Ilikuwa mwaka wa sabini na tisa, mvua imekolea. Redio ilikuwa imeshasema mji mkuu umeanguka, na askari wa serikali ile iliyoondolewa walikuwa wanakuja kaskazini, wengine bila viatu. Walipita Koboko wakichukua walichokiona. Watu wa Lobule wakaanza kuondoka kuelekea Kongo, si mbali, wewe unajua, mtu mzima akitoka asubuhi anavuka kabla jua halijafika utosini. Janeti na watoto wetu watatu waliondoka alfajiri pamoja na Keji na wengine. Mimi nikabaki nyuma nifunge vitu kwenye baiskeli kisha niwafuate kwa njia ya juu. Nilikuwa na orodha. Niliiandika miaka mitatu kabla, kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari: vitu vya kubeba siku ya kukimbia. Kila kitu na nafasi yake, hiki kwenye usukani, hiki mgongoni, hiki kwenye keria.

Kwenye keria niliandika chumvi.

Nimeinama nafunga, nikasikia fimbo yako. Tok. Kimya. Tok. Nikainua macho, nikakuona umeingia kwa pengo la ua wa miba. Ulikuwa umevaa kitenge chako kipya, kile cha bluu ulichokuwa unakihifadhi, umefunga kichwa vizuri, na mgongoni umefunga kibuyu cha mbegu kama mtoto mchanga. Umejiandaa kwa safari kuliko hata mimi. Umetembea kutoka kwako mpaka kwangu, na kwa nyonga ile najua ulianza kutembea jogoo alipowika.

Ukashika mti wa ua ukapumua. Kisha ukasema, "Mutoto ya kaka yangu, nipakie."

Nilitazama keria. Nusu gunia lilikuwa limekaa pale, limejaa, limefungwa upande mmoja.

Ukatabasamu, ukadhani sijakusikia au naona mzigo utakuwa mzito. "Nipakie," ukarudia. "Mimi iko nyepesi kuliko hiyo gunia."

Na ilikuwa kweli. Ulikuwa umekwisha mwili, Shangazi, ungekaa pale kama kuku. Ningeweza kukusukuma mpaka Kongo na kurudi. Ilinibidi nifungue fundo moja tu. Lakini nilikuwa nimeitayarisha siku ile kwa miaka saba, na katika miaka yote saba, kwenye hesabu zangu zote, hukuwamo. Nilisema, "Nitarudi kesho kukuchukua." Sauti yangu ilikuwa ya kawaida kabisa. Hilo ndilo linaloniamsha mpaka leo, jinsi sauti ilivyokuwa ya kawaida.

Ulitazama gunia, ukanitazama, na nikaona umeelewa. Si kwamba ulikasirika. Uliona haya kwa niaba yangu, ukaangalia pembeni, kama mtu aliyemfungulia mlango mwenzake akamkuta uchi.

"Haya," ukasema. "Kwenda. Watoto anangoja."

Kisha ukaweka fimbo chini, ukaja ukashika baiskeli isianguke ili nimalizie kufunga. Ulishika usukani kwa mikono miwili. Nilipofunga fundo la mwisho ukalivuta kwa kidole, ukatikisa kichwa. "Kamba yako iko legevu," ukasema, ukalifungua ukalifunga upya, kwa nguvu, kama ulivyofunga mizigo ya sajini wako zamani. Ukalipiga gunia makofi mawili. Nikapanda nikaenda. Sikugeuka.

Ningependa kukuambia kwamba mvua ilinyesha njiani ikaiyeyusha chumvi. Ningepata la kusema mbele za watu, wangesema Mungu ameonyesha. Haikuyeyuka. Kamba yako ilishika vizuri. Tuliila kwa wajomba zangu ng'ambo, tukala na ugali, na wajomba wakanisifu kwa kuona mbali.

Janeti aliniuliza swali moja tu niliposhuka kwenye baiskeli. "Shangazi yuko wapi?" Nikasema ulikataa. Kwa hiyo mwanzilishi wa uongo huu ni mimi, usije ukadhani niliukuta umeshasemwa. Nilisema ulikataa, umeshika mti wa ua, ukasema hutaliacha kaburi la mume wako. Nilitengeneza hata maneno yako. Niliyasema kwa Kiswahili chako cha kambini na Janeti akalia.

Siku ya pili njia ilikuwa bado wazi. Hili ndilo sitaki watu waliruke. Watu walikuwa wanarudi mchana kuchukua vitu na kuvuka tena kabla ya giza. Keji akaja kwangu, mtoto mgongoni, akasema, "Nakwenda kuchukua kuku zangu. Twende, wewe uko na baiskeli, tumlete Shangazi hata kama anakataa. Tutamfunga kamba." Aliomba kwa utani kidogo, lakini macho yake hayakuwa ya utani.

Nikamwambia tairi limetoboka. Halikuwa limetoboka. Lilikuwa limesimama ukutani, limejaa upepo, akalitazama akaondoka zake.

Keji alirudia kuku, akakukuta umekaa pale pale kwenye ua wangu. Hakuvuka tena. Yeye, niliyemnyima chumvi, ndiye aliyekushika mkono mkaenda kujificha kwenye kibanda cha shambani. Siku iliyofuata askari wakaingia na njia ikafungwa.

Nilirudi mwaka haujaisha, mambo yalipotulia kidogo. Nilikuta shamba langu la muhogo mtamu ni mashimo matupu. Askari waliuchimba siku mbili wakaumaliza, kila mtu anakula, kama ulivyosema. Wako na wa Keji ulikuwa umesimama vilevile, maana askari wawili waliotafuna mbichi waliugua na wengine wakaogopa. Muhogo huo ndio uliowalisha ninyi wawili, na mtoto wa Keji, na watu wote waliobaki vichakani. Uliwafundisha kuchuja chumvi. Mimi nilimwacha mtu anayejua kutengeneza chumvi nikabeba chumvi. Kwa elimu yangu yote sikuiona hesabu hiyo mpaka nilipokuwa nimesimama juu ya kaburi lako, udongo ukiwa bado haujakaa.

Homa, alisema Keji. Wiki tatu kabla sijafika.

Nilimsubiri aseme. Nilikuwa nimejiandaa kupigwa hata mawe. Badala yake Keji akasema polepole, "Shangazi alituambia wote. Alisema yeye mwenyewe alikataa. Alisema, mimi nilimufukuza huyu mutoto, nilimwambia abebe chumvi, watoto yake iko wadogo. Alisema mutu yeyote asimuseme vibaya."

Nilikaa chini, Shangazi. Nilitunga uongo wangu ng'ambo nawe ukatunga wako Lobule, na hatukuonana, na ukatoka neno kwa neno uleule. Ila wangu ulikuwa wa kujificha mimi, na wako pia ulikuwa wa kunificha mimi.

Keji akaingia ndani akatoka na kibuyu. Akanimiminia mtama kwenye shati, konzi mbili, akasema hiyo ni sehemu yangu. Nikamwambia sikuwahi kutia hata punje. Akasema ulikuwa ukitia wewe, kila mavuno, konzi ya nyumba yako na konzi ya nyumba yangu. Nilikwenda nikapanda. Ilikuwa mbegu ya kila rangi, nyekundu na nyeupe na ya kahawia, imechanganyika, na iliota yote.

Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi yangu yamekuwa mjukuu, yamekua, yameoa, sasa yana wajukuu wao. Nimejaribu mara nyingi kusema. Janeti alipokuwa anakufa nilitaka kumwambia, akanizuia kwa mkono. Akasema, "Najua. Shangazi asingekataa safari na kitenge kipya mwilini." Alijuaje habari ya kitenge? Keji alimwambia alikukuta umekivaa. Kwa hiyo hata Keji anajua, amejua siku zote, na siku ya kaburi atakuwa amekaa mbele kabisa kwenye mkeka, mzee kama mimi, akinitazama jinsi alivyolitazama lile tairi.

Nitasimama, basi. Nimemwambia Duku akubali nisome karatasi, sijui kusema bila karatasi, akacheka akasema Bwana Daftari ni Bwana Daftari. Hajui kilichoandikwa. Huenda baada ya hapo wasinipe kiti tena Lobule, na arusi zao nisiitwe. Watoto wangu wataona haya mbele ya watoto wa Keji. Na wewe pia nitakukosea mara ya pili, kwa sababu nitakuwa nimeufungua uongo uliokufa nao ukiwa umeufunga kwa nguvu, kama ile kamba. Nisamehe kwa hilo la pili. La kwanza sikuombi.

Watu wa Lobule, na wewe Shangazi unisikie huko uliko: hakukataa. Alitembea tangu jogoo la kwanza kwa nyonga mbovu, amevaa kitenge cha bluu, mbegu zenu mgongoni, akaniomba mara mbili nimpakie.

Lala, baba yangu wa kike. Saruji isikuelemee.

Mimi, mtoto wa kaka yako, uliyemshikia baiskeli.